Barua ya wazi kwa wakubwa wa Haut-Katanga: bandikeni bei ya insulini ukutani

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga, kwa Mheshimiwa Minista wa Afya wa jimbo, kwa Waheshimiwa wabunge wa jimbo, na kwa Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo, hapa Lubumbashi.

Wakubwa wetu, jambo kwenu na kwa jamaa zenu.

Ombi letu ni fupi, nalitanguliza nisije nikawachosha kabla hamjalifikia. Tunaomba kila hospitali ya serikali katika jimbo hili, na kila kituo cha afya kinachotibu ugonjwa wa sukari, viuze insulini ya chupa kwa bei moja. Bei hiyo ibandikwe ukutani, na tarehe na mhuri, na chini yake iandikwe jimbo lenyewe liliinunua kwa dola ngapi. Yanayofuata ni maelezo tu, lakini naomba myasome, maana yana hesabu ndani yake na hesabu ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Mjukuu wangu ana sukari ya aina ya kwanza, ile ambayo mwili wenyewe unaharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, na ambayo huwapata zaidi watoto na vijana. Mgonjwa wa namna hii hasaidiwi na kuacha sukari kwenye chai. Akikosa insulini damu yake inageuka kuwa na asidi, anatapika, anapumua kwa nguvu na haraka, na asipodungwa anakufa katika siku chache. Nalieleza hili wazi kwa sababu bado nasikia watu wenye vyeo wakisema sukari ni ugonjwa wa matajiri wanaokula kupita kiasi. Waje komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, wawaone hao matajiri. Wako pia wenye sukari ya aina ya pili, ambao ni wengi zaidi. Kati yao wengi wanaendelea vizuri na vidonge, na vidonge si ghali sana. Barua hii haiwahusu hao mpaka siku vidonge vitakapowashinda.

Jamaa kadhaa za komini za Katuba na Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si nchi) zenye wagonjwa wa insulini tuliunda likelemba. Zile za kawaida mnazijua: kila mtu anatia, mmoja anakula, mwezi kesho zamu ya mwingine. Ya kwetu haili mtu. Pesa zote zinanunua insulini kwa boksi huko depo, yaani kwa wauza dawa za jumla, na Jumapili watu wakitoka kanisani tunagawana kwenye parseli, yaani kiwanja cha nyumba, ya mmoja wetu. Mkija mtakuta meza uani, na juu yake glasiere, sanduku la baridi, yenye barafu iliyoviringishwa kwenye kitambaa kizito ili chupa zisiguse barafu yenyewe. Mama mmoja anachukua chupa moja moja, anaisogeza kwenye mwanga, anasoma tarehe ya kwisha kwa sauti, kisha anaizungusha polepole kati ya viganja. Insulini yenye rangi ya maziwa ikibaki na mabonge, au ile iliyo wazi kama maji ikiwa na ukungu, inawekwa kando. Mimi naandika kitabu.

Kitabu hicho kimenionyesha kwamba bei tunayolipa inategemea kidogo sana insulini yenyewe. Chupa ni ile ile, kampuni ni ile ile, namba ya kundi iliyochapwa kwenye boksi ni ile ile, lakini bei inabadilika kwa kuvuka avenyu mbili tu. Inabadilika dola ikipanda asubuhi. Inabadilika muuzaji akijua kwamba duka la jirani limeishiwa. Na kuna mambo mawili ambayo kwenye kitabu changu hayajawahi kuishusha: umaskini wa mnunuzi na ukubwa wa shida yake.

Hesabu ifuatayo ni ya darasa la sita. Chupa moja ina mililita 10, kila mililita ina yuniti 100, kwa hiyo chupa nzima ni yuniti 1000. Mtu mzima anayejidunga yuniti 40 kwa siku, kipimo ambacho madaktari wanakiona kila siku, anatumia yuniti 14,600 kwa mwaka. Tuseme chupa 15. Sasa, biashara ya insulini duniani imeshikwa na kampuni tatu kwa zaidi ya asilimia 90: Novo Nordisk ya Denmark, Eli Lilly ya Marekani na Sanofi ya Ufaransa. Hiyo ya Denmark ilijifunga yenyewe kwamba katika nchi maskini zaidi za dunia, na yetu imo kwenye orodha, chupa ya insulini ya binadamu, yaani iliyo sawa na ile ya mwili wa mtu, haitaiuza kwa zaidi ya dola 3. Tatu mara 15 ni 45. Dola 45 kwa mwaka, wakubwa wetu, si kwa mwezi.

Na msidhani kwamba bei hiyo iko mbali na gharama halisi. Mwaka 2018 jarida la BMJ Global Health lilichapisha hesabu za watafiti waliopima gharama ya kutengeneza insulini. Waliona kwamba insulini ya binadamu ya mwaka mzima ingeweza kuuzwa kwa dola 48 hadi 71 kwa mgonjwa mmoja, faida ya mtengenezaji ikiwa tayari ndani. Dawa yenyewe ni ya zamani. Ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na wenye uvumbuzi wakaukabidhi Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, ili mtu yeyote asije akaifungia. Hii ya binadamu, inayotengenezwa na vijidudu vilivyopandikizwa jeni ya mtu, iko sokoni tangu 1982. Shirika la Afya Duniani limeiweka insulini kwenye orodha yake ya dawa za lazima tangu orodha ya kwanza kabisa, ya 1977.

Nadhani mnangoja niandike bei ya Lubumbashi. Sitaiandika. Nikiandika ya farmasi moja mtasema nimeichagua ile ya ghali, na wiki kesho haitakuwa bei hiyo tena. Tumeni karani mmoja, avae nguo za kawaida, asishuke kwenye jeep ya serikali. Apite Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba, aulize bei ya chupa ile ile, aandike kila jibu, kisha kila jibu aligawe kwa zile dola tatu. Mkishaona namba zake hamtahitaji barua yangu.

Nisimsingizie mwenye farmasi. Nimekaa kwenye maduka yao nikingoja, nimeona. Umeme unakatika, anawasha jenereta. Mafuta ya jenereta yanaingia kwenye bei ya chupa. Ananunua chupa chache kwa sababu hana mtaji, na depo inampa bei ya mtu wa chache. Moja ikipitwa na tarehe, hasara hiyo anawabebesha wanunuzi wa zile nyingine. Na kabla haijafika kwake chupa imeshapita kwa muagizaji, kwenye ndege au lori, kwenye duane (forodha), kwenye depo, na kila mkono umeacha alama yake. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kuniambia kwa uhakika mkono uliotangulia ulichukua ngapi. Ndiyo sababu tunaomba bei ya kununulia iandikwe pia. Bei ya kuuzia peke yake haimfundishi mtu kitu.

Lakini kuna mambo ambayo si ya kusamehe. Nimeona chupa za insulini zimesukumwa nyuma kabisa kwenye frigo, zimegusa ukuta wenye theluji, mbele yake yamepangwa maji baridi ya kuuza. Insulini iliyoganda imekufa. Hata ikiyeyuka haifanyi kazi tena, na kwa macho mara nyingine huwezi kuitambua. Mtu anailipa bei kamili, anajidunga, sukari haishuki, anaongeza kipimo, bado haishuki. Nimeona pia wanaouza kwa sindano: asiye na pesa ya chupa anavutiwa yuniti kadhaa kutoka chupa iliyokwisha kufunguliwa, analipa, anaondoka na seringi mfukoni. Pigeni hesabu ya chupa nzima iliyouzwa namna hiyo mtaona kwamba anayelipa ghali kuliko wote ni yule maskini kuliko wote. Na seringi yenyewe ilitumika mara ngapi, hilo haulizi mtu.

Mama mmoja wa kundi letu, kabla hajajiunga, aliniambia hivi: "Mwalimu, nilikuwa namupunguzia kidogo kidogo, ili chupa ifike mwisho wa mwezi." Hakuwa mjinga. Alikuwa anapanga matumizi, jinsi anavyopanga unga wa bukari. Mtoto aliishia kwenye kitanda cha hospitali na mipira ya maji mikononi, na bili ya siku zile ilikula pesa ambazo zingenunua chupa za miezi mingi. Nikisikia mtu anasema jimbo halina uwezo wa kulipia insulini, namkumbuka yule mama na ile bili. Tunalipa tayari. Tunalipia mahali pabaya.

Sasa jambo la stilo, yaani kalamu za kudungia insulini, maana hapa wagonjwa wenyewe na madaktari wetu wana sehemu yao. Siku hizi kwenye ordonansi nyingi, karatasi za daktari, zinaandikwa insulini za kisasa, za kalamu, ambazo molekuli yake imebadilishwa ili ifanye kazi haraka zaidi au ikae muda mrefu zaidi. Ni dawa nzuri. Kuna wagonjwa wanaozihitaji kweli, hasa wale ambao sukari yao inaanguka ghafla mara kwa mara mpaka wanazimia. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 kwa nchi zenye uwezo mdogo unasema wazi: mtu mzima anayehitaji insulini aanzishiwe ile ya binadamu, yaani ile ya haraka iliyo wazi kama maji na ile ya maziwa inayokwenda polepole, au mchanganyiko wa zote mbili. Tofauti ya bei kati ya hizo na za stilo ni kubwa mno. Tunaomba Divisheni ya Afya iwakumbushe madaktari kumuuliza mgonjwa swali moja kabla ya kuandika: mwezi kesho utaweza kuinunua tena?

Nawaomba wagonjwa wanaosoma barua hii wasikimbilie kubadilisha wenyewe. Kutoka stilo kwenda chupa kunabadilisha saa ya kudunga, saa ya kula, na mara nyingine kipimo. Hilo linafanywa na daktari, na siku za mwanzo sukari inapimwa mara nyingi zaidi. Pia angalieni seringi. Ziko insulini za yuniti 40 kwa mililita na ziko za yuniti 100, na kila moja ina seringi yake. Ukizichanganya unajidunga kidogo mno au unajidunga mara mbili na zaidi ya ulichoandikiwa.

Na kwa watoto wadogo hesabu inageuka. Mtoto anayetumia yuniti 15 kwa siku angeweza kukaa na chupa moja zaidi ya miezi miwili, lakini chupa ikishafunguliwa hukaa karibu wiki 4 tu, baada ya hapo inamwagwa. Zaidi ya nusu yake inakwenda taka. Kwake yeye katriji ndogo ya stilo, ya mililita 3, inaweza kuwa na maana kuliko chupa kubwa. Kwa hiyo simwambii daktari asiandike stilo kabisa. Namwomba apige hesabu.

Bandeleti za kupimia damu nazo zisisahauliwe. Kumpa mtu insulini bila kumpa njia ya kupima sukari ni kumshusha kwenye shimo la mgodi bila tochi, na watu wa Katanga hawahitaji kuelezwa maana yake. Kila mashine inataka bandeleti zake, za kampuni yake. Mashine wanakupa kwa bei ya chini, hata bure tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, halafu bandeleti zinakukamua mwaka mzima. Jimbo likichagua aina moja ya mashine kwa vituo vyake vyote, litanunua bandeleti za aina moja kwa wingi. Nchi zote zilikubaliana kwenye Mkutano wa Afya Duniani wa Mei 2022 kwamba ifikapo 2030 kila mwenye sukari ya aina ya kwanza awe na insulini anayoiweza kwa bei, pamoja na njia ya kujipima. Kongo ilikuwa ndani. Miaka imebaki michache.

Msaada kwa watoto upo, na anayesahau msaada hana adabu. Mpango wa ile kampuni ya Denmark wa kuwapa watoto insulini bila malipo ulianza 2009 na Kongo ni kati ya nchi za mwanzo. Siku hizi unawafikia vijana mpaka miaka 25. Tunachoomba kwenu ni kitu cha bure kabisa: tangazeni kwenye redio, kwa Kiswahili, ni vituo gani vya jimbo hili vinavyotoa huduma hiyo na siku gani. Kuna wazazi wanaouza parseli kununua dawa ambayo mtoto wao angeipata bila kulipa, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia. Wengine wanaambiwa na mchungaji kwamba mtoto amerogwa, na insulini inaachwa kwa maombi. Sauti ya Minista kwenye redio ingewasaidia hao kuliko sauti yangu.

Na kijana akishapita miaka 25? Hapo hapana mpango tena. Mtu ameokolewa utotoni, amesoma, amepata kazi ya kwanza yenye mshahara wa kwanza, ndipo anaachiwa mzigo.

Nimejaribu kufikiri mtakavyonijibu, maana nimekaa sana na wakaguzi wa shule na nazijua njia za majibu.

Mtasema sheria ya Julai 2018 imeacha bei ziwe huru, na Gavana hawezi kumpangia mfanyabiashara. Sawa. Someni tena ombi langu: sijasema farmasi ya mtu binafsi. Nimesema hospitali za serikali. Mahali hapo mwenye duka ni ninyi. Hospitali ikiuza chupa kwa bei iliyobandikwa ukutani, na chupa zipo kila wiki, farmasi za ng'ambo ya barabara zitajua zenyewe la kufanya. Hata Marekani, nchi ya biashara huru, watu walikuwa wanapunguza vipimo ili chupa ifike mwisho wa mwezi, sawa na mama wa Katuba. Bei ilianza kushuka pale wenye mamlaka walipotaja namba: tangu Januari 2023 wazee wenye bima ya serikali, Medicare, hawalipi zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa insulini, na mwaka huo huo kampuni tatu nilizozitaja zikatangaza kupunguza bei za baadhi ya insulini zao kwa asilimia 70 na zaidi. Kampuni hazikuamka asubuhi moja zikiwa na huruma.

Mtasema pesa hakuna. Hapa naomba ruhusa ya kusema bila kupinda. Kodi ya mgodi iliyowekwa na sheria ya migodi ya Machi 2018 inagawanywa hivi: nusu serikali ya Kinshasa, asilimia 25 jimbo lenye mgodi, asilimia 15 komini na sekta zinazochimbwa, asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake kila kampuni ya mgodi inatenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Malori ya shaba na kobalti tunayahesabu kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usiku na mchana. Rudini kwenye zile dola 45. Kwa wagonjwa 1000 ni dola 45,000 kwa mwaka. Wekeni juu yake usafiri, baridi, seringi, bandeleti. Zidisheni mara mbili, hata mara tatu. Bado mtakuwa mnazungumzia bei ya jeep moja au mbili za msafara. Wala hatujaomba bure kwa wote. Wengi wetu tutanunua. Tunataka kununua kwa bei yenye akili, na wale wasio na kitu kabisa, wanaojulikana na wauguzi wa mtaa wao kwa majina, ndio jimbo liwalipie.

Mtasema baridi. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Chanjo zinafika Kasenga, zinafika Pweto, zinafika Mitwaba, kwenye frigo za jua na kwenye makoba ya baridi juu ya pikipiki. Njia ipo, imeshalipiwa, wanaoijua wapo kwenye kila zone ya afya. Kukubaliana na watu wa chanjo kwamba kona moja ya frigo iwe ya insulini, yenye alama yake na daftari lake, ni kazi ya mkutano mmoja. Leo mgonjwa wa Pweto anashuka mpaka Lubumbashi kutafuta chupa, na nauli inazidi dawa.

Nyumbani pia tusiogope kupita kiasi. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha mwaka 2021 utafiti uliotokana na joto la kambi ya wakimbizi ya Dadaab, nchini Kenya, ambako nyuzi zinacheza kati ya 25 na 37 kutoka usiku hadi mchana. Insulini iliyokaa kwenye joto hilo wiki 4 ilibaki na nguvu yake. Lubumbashi iko juu, na hata mwezi wa kumi joto letu halifiki la Dadaab. Mtungi wa udongo uliowekwa ndani ya mwingine, na mchanga mbichi katikati, unashusha joto vya kutosha kwa chupa inayotumika. Asiye na frigo asinyimwe insulini kwa sababu hiyo. Nimewahi kusikia muuguzi akimwambia mtu, huna frigo, rudi na vidonge. Mtu wa aina ya kwanza! Huko ni kumfukuza akafe.

Mtasema, mwisho, kwamba hili ni jambo la Kinshasa. Kwa sehemu ni kweli. Kuandikisha dawa ni kazi ya ACOREP, mamlaka ya dawa ya taifa, na tungependa muwaandikie wao kwamba insulini za watengenezaji wa India na China zilizokwisha kukaguliwa zipewe njia ya kuingia bila kuzungushwa miaka, ili muuzaji asiwe mmoja tu kwenye zabuni. Shirika la Afya Duniani lilifungua mlango wa kuzikagua insulini za binadamu mwaka 2019. Orodha yake ipo, anayenunua hahitaji kubahatisha. Lakini kununua kwa pamoja kunaweza kufanyika hapa hapa. Mji huu una sentrali yake ya dawa, CAMELU. Hospitali zote za jimbo zikileta mahitaji yao ya mwaka kwenye karatasi moja, CAMELU itazungumza na muuzaji kwa sauti ya maelfu ya chupa. Likelemba yetu, pamoja na udogo wake, inapata depo bei ambayo mmoja wetu peke yake haipati. Jimbo zima litashindwaje?

Serikali iliweza kuanzisha uzazi bila malipo Kinshasa Septemba 2023, kisha huduma hiyo ikatoka huko ikaja majimboni. Mwenye kifua kikuu anapewa dawa bila kulipa, mwenye UKIMWI vilevile, na ni vizuri. Ibara ya 47 ya Katiba, inayotoa haki ya afya, haikuchagua ugonjwa.

Basi turudi kwenye kazi. Kikao cha bajeti cha wabunge wa jimbo kinafunguliwa mwisho wa Septemba. Tunaomba mstari mmoja kwenye bajeti, wenye jina lake kamili, "insulini ya binadamu, seringi na bandeleti", usifichwe ndani ya "dawa mbalimbali" ambako hakuna anayeweza kuufuata. Kabla ya hapo tunaomba Divisheni ya Afya ihesabu wagonjwa wa insulini katika kila zone ya afya. Sisi wa Katuba na Kenya tutawaletea orodha yetu wiki hiyo hiyo mtakayoitaka. Kitabu cha likelemba, na risiti zote zilizobandikwa ndani yake, kiko tayari kukaguliwa na yeyote mtakayemtuma, siku ya Jumapili, baada ya ibada ya pili. Aje na kalamu yake.

Wenu mtiifu,
Mwalimu mstaafu, mshika kitabu wa likelemba ya insulini,
Komini ya Katuba, Lubumbashi.

Nakala kwa: waganga wakuu wa zone za afya za jimbo, CAMELU, redio zote za mji zinazotangaza kwa Kiswahili.